Neno Alilolichagua Sabra

Alasiri, wenzake wakiwa barazani wanabangua korosho, Sabra alikuwa akimfunga mwanawe Zuhura mgongoni na kwenda kwa Mwalimu Yustina kujifunza kukataa kwa Kiingereza. Ndivyo walivyomtania pale Msimbati, na utani wenyewe haukuwa mbali na kweli.

"Kukataa nako kunataka mwalimu?" alisema Farida, jirani yake aliyesoma naye darasani hapo. "Mimi nikikataa nimekataa. Kamuulize mume wangu."

Mwalimu Yustina, mtu wa Songea, alicheka, kisha akarudi ubaoni. Akawaonyesha kwamba wenye lugha ile wana maneno mengi ya kukataa yanayofanana kama watoto wa baba mmoja: "no" hukaa mbele ya kitu, "not" huja baada ya kitenzi, "none" husimama peke yake, "never" hufunga njia moja kwa moja. Ukiweka moja mahali pa jingine, alisema, unaeleweka, ila unaeleweka vingine.

Kambi ya mafundi wa gesi upande wa Madimba ilikuwa inatafuta wapishi, na usaili ulikuwa na maswali ya Kiingereza. Sabra aliitaka kazi ile kwa ajili ya Zuhura. Nywele za mtoto zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na laini. Muuguzi wa kliniki alisema apewe mayai na maziwa, Sabra akaitikia, kana kwamba vitu hivyo vilikuwa vikimngoja nyumbani.

"Watakuuliza habari za mume," Mwalimu alimwambia siku moja.

Mume wake, Fadhili, alivuka Ruvuma kwenda kupasua mbao Msumbiji. Vijiji vya kule vikachomwa moto. Waliokwenda naye wakarudi mmoja mmoja, wengine na makovu, yeye hakuonekana. Sabra aliishi kwa mama mkwe wake, Bi Asia, na katika nyumba ile mtu akiuliza Fadhili yuko wapi, jibu lilikuwa moja tu: bado. Shehe alikuwa amekwisha kusema kwamba muda umepita, lililobaki ni wenyewe kutamka, dua isomwe na mke akae eda. Hakuna aliyetamka. Bi Asia kila akisonga ugali alibakiza tonge la mwanawe.

Mwalimu akaandika majibu ubaoni. Mume wangu hayupo hapa. Mume wangu hajarudi bado. Sina mume.

"Ukisema hajarudi, watakuuliza kaenda wapi na lini, na hapo Kiingereza kitakuishia. Chagua lililo kweli."

"Lililo kweli silijui, Mwalimu."

Yustina akashika kifutio, akafuta ubao wote polepole.

Njiani Farida akamwambia, "Wale hawataki mwenye mume, shoga. Unafanya kazi mwezi mmoja, mume anakuja getini kukuvuta kanga."

Siku ya usaili Sabra na Farida waliitwa ndani pamoja. Dada wa ofisini alimuuliza Sabra kuhusu chumvi, kuhusu kunawa mikono, kisha kuhusu mume. Sabra akawaza kwamba Kiingereza ni mambo ya ofisini. Linalosemwa humu litabaki humu, halitaruka uzio liende Msimbati. Akasema, "I have no husband." Dada akainamisha kichwa, akamwambia "Sorry." Sabra akajibu "Thank you" kama alivyofundishwa.

Akapata. Gari lingepita kumchukua Jumatatu.

Asubuhi iliyofuata Bi Asia alikuwa uani anamenya mihogo, Farida akaingia amejitanda kanga mbili, bakuli la unga mkononi, na kina mama wengine nyuma yake.

"Pole, shoga," alisema, macho mekundu. "Kumbe habari zimefika, nawe umezimeza peke yako. Hata mimi?"

Kisu cha Bi Asia kikasimama katikati ya muhogo.

"Habari gani?"

Farida akamtazama Sabra, ndipo akaelewa alichokileta, na bakuli tayari alikuwa ameliweka chini.

"Mwanangu," Bi Asia alisema, "umesema nini huko?"

"Nilisema kwa Kiingereza, mama."

"Kwani kifo kina kabila?"

Sabra alitaka kusema alikuwa anatafuta kazi tu, kwamba bado ni bado. Lakini kina mama walikuwa wamekwisha kukaa chini, na mmoja alikuwa ameanza kulia. Bi Asia akauweka muhogo chini. Kisha akafungua kilemba chake, akakiacha kianguke.

"Basi," alisema. "Mimi mama mtu nisingeweza kulitamka. Kamwiteni shehe."

Mchana dua ikasomwa. Jioni Bi Asia akamwogesha Sabra kwa mikono yake, akamvika kaniki, akamwonyesha chumba atakachokaa hadi eda iishe. Hakumkaripia hata kidogo. Afadhali angemkaripia.

Jumatatu gari lilipiga honi barabarani. Sabra alikuwa amekaa kwenye mkeka, mlango umeegeshwa. Alisikia sauti ya Bi Asia ikiongea na dereva, chini chini, kisha dereva akisema pole. Gari likageuza.

Zuhura akaamka, akalia njaa. Sabra akachota unga wa rambirambi, akaukoroga uji, akaupuliza mpaka ukapoa.