Mshikio wa Mlango wa Bafu

Baba yangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Mzee Sabuni. Kabla ya kufunga skrubu hutoboa tundu kwa keekee ya mkono, akaipaka skrubu sabuni ya kufulia, kisha akaizungusha kwa bisibisi polepole mpaka kichwa kilale sawa na mbao. Mama alizoea kumtania kwamba skrubu zake zinapata sabuni nyingi kuliko watoto wake. Mafundi wanaopigilia skrubu kwa nyundo, halafu wakamalizia mizunguko miwili ya bisibisi ili mteja asijue, baba aliwaita wezi.

"Nyundo inachana mbao ndani," alikuwa akisema. "Nje unaona kazi nzuri, ndani haijashika kitu."

Mwaka huu mkono wake wa kulia ulianza kufa ganzi. Hakusema, ila vikombe vilivyovunjika vilimsemea. Kisha mama akapatwa na kiharusi, na kwenda bafuni kukawa safari. Alihitaji mshikio kwenye fremu ya mlango. Nilipomtaja fundi wa jirani, baba alinikata jicho.

"Mke wangu ashikilie kazi ya mtu mwingine?"

Nikiwa jikoni nilimsikia akitoboa. Keekee ikakwama, ikaanguka, akalaani. Kukawa kimya. Halafu nikasikia nyundo, ko, ko, ko, skrubu ya kwanza mpaka ya nne. Nilisimama na sufuria mkononi, nikameza maneno. Nilimwonea haya mzee wangu, na kwa haya ile sijajisamehe mpaka leo.

Mshikio ulidumu siku tisa. Siku ya kumi mama aliuvuta ili avuke kizingiti, ukang'oka, akaanguka na kuvunjika nyonga.

Mama aliporudishwa kutoka hospitali, baba alikaa ukingoni mwa kitanda na zile skrubu nne mkononi. Hata moja haikuwa na harufu ya sabuni.

"Nilizipigilia," alisema. "Mkono ulikataa, nami nikaona aibu kuomba msaada. Nisamehe, mama watoto."

Mama alikuwa akitazama dari. Kiharusi kilimwachia maneno machache, na aliyatoa moja moja.

"Nilisikia nyundo."

Baba alimgeukia. "Ulisikia? Sasa mbona uliushika?"

Mama aliondoa macho darini, akamtazama.

"Ulikuwa umesimama pale," alisema. "Unaniangalia."