Verdiane, Mshonaji wa Nguo za Mashine

Verdiane anashonea katika kibanda cha mbao pale Kirolirwe, katika milima ya Masisi, kando ya barabara, katikati ya muuza fromaji, jibini la huku, na kijana anayechaji simu kwa sola. Ukimwomba blauzi atakushonea, lakini atakununia mpaka kifungo cha mwisho. Kazi anayoipenda ni kuvalisha simu.

Ilianzia shambani. Wanawake wa huku hufunga simu kwenye fundo la kitenge kiunoni, halafu huinama kupalilia maharagwe, na udongo wa kwetu una mawe kuliko maharagwe. Simu yake ilipopasuka kioo, Verdiane hakulia. Alichukua kambambili, ndala ya sponji ngumu, iliyokatika mkanda, akachimba kisigino chake kwa kisu cha jikoni, akailaza simu humo kama mtoto ndani ya beseni. Mumewe Ngabo, anayechunga ng'ombe za watu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa ukipokea simu, batu batasema unajipiga kiatu ku sikio!"

"Baseme. Yako iko wapi?"

Ya Ngabo ilikuwa imekanyagwa na ng'ombe wiki ile ile. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kutoka shambani, kava zake zilifika Rubaya, kwenye machimbo. Kule simu inaishi maisha ya taabu: inashuka shimoni asubuhi, inapanda na matope, inaangukiwa na koleo. Wachimbaji hawaulizi kama kava ni nzuri. Wanaitupa ukutani mbele ya mwenye nayo, kisha wanaokota simu na kumpigia mama yao. Ya Verdiane ilitupwa sana, na mama wengi walipigiwa.

Basi, wifi yake. Jeannette, mke wa kaka yake mdogo, anaishi kijiji cha juu kabisa mlimani, mahali ambapo pikipiki inakata tamaa na miguu inaanza. Mwaka jana alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, tumbo limekaa kwa upana. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani wakati wa kuzaliwa. Bila kumwangalia, hakuna aliyejua huyu wa pili amelala namna gani. Na kumbeba mgonjwa mlima wote kwa kubahatisha, familia ilikuwa inaogopa.

Chombo cha kumwangalia kilikuwepo. Kituo cha afya kilikuwa na ekografi, mashine ya kuonyesha mtoto tumboni, ya kubeba mkononi, nyembamba, ukubwa wa sahani ya fufu, na kichwa chake cha kupitisha tumboni. Ila Esdras, muuguzi titulaire, yaani mkuu wa kituo, aliifungia kabatini. Ya kwanza ilipasukia kwenye pikipiki kabla haijaona hata mimba moja.

"Papa Titulaire," Verdiane akamwambia, "ile mashine ipande kwa Jeannette."

"Mama Verdiane, ikipasuka sitapata ingine. Jeannette ashuke."

"Ashuke na miguu ya nani?"

Esdras si mtu mbaya. Anasema hapana kama mtu anayeumwa jino. Mwishowe akasema: "Unishonee kitu. Tutatia kioo cha bure ndani, kipande mulima, kirudi. Kikirudi kizima, mashine itatoka. Kikipasuka, tusiongee tena."

Mimi niliitwa kwa sababu nilisoma elektroniki Goma mpaka mwaka wa pili, kisha elektroniki ikaniacha. Verdiane huniita Ingénieur Nusu, tena mbele ya watu.

"Nusu, keti. Leta ile nusu ya akili yako."

Tulikata kioo cha ukubwa wa mashine, tukakigandisha kwenye ubao ili uzito ufanane. Kava la kwanza lilijaa sponji ya godoro, laini, unatamani ulale humo. Tuliliangusha kutoka juu ya meza. Kioo kikalia, kikapasuka.

"Juu ya nini kimepasuka? Iko laini!" Verdiane akauliza.

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo kasoro. Sponji ya godoro inakubali haraka mno; ikishakandamizwa mpaka mwisho inakuwa ubao, na mashine inagonga ubao. Tunataka kitu kinachokataa kidogo kidogo.

"Kama Titulaire," akasema.

Akarudi kwenye kambambili. Zilipojazwa nzima nzima zilikuwa ngumu mno. Akazikata vipande vyembamba, akavipanga kwa mapengo, kama fito za ukuta kabla ya kupigwa udongo, ili kila kipande kipate nafasi ya kupinda. Nje akaweka ganda la bidoni, lile dumu la manjano la mafuta, limeviringwa pembeni, maana ganda gumu linagawa kipigo badala ya kukiacha kiingie mahali pamoja. Pembe nne akazivalisha mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, unene wa vidole viwili. Tuliliangusha kutoka mezani, kutoka mtini, kutoka juu ya pikipiki inayotembea. Motari, mwenye pikipiki, alidai tumuombe msamaha. Kioo kizima.

Esdras akatia kioo chake mwenyewe, akafunga kwa kamba, akampa Byamungu. Byamungu ni mbebaji. Anabeba kwa mkanda wa paji la uso, mzigo mgongoni, na anapanda ule mlima kama wewe unavyopanda kitanda. Alipanda, akashuka. Esdras akafungua mbele yetu.

Kioo kilikuwa na ufa katikati, kutoka juu mpaka chini. Pembe zote salama.

"Nilisema," Esdras akasema, na kusema kweli hakufurahi kulisema.

Verdiane akamgeukia mbebaji. "Papa Byamungu, ulianguka wapi?"

"Mi? Kuanguka?" Byamungu akatutazama mmoja mmoja, akitafuta aliyemtukana. "Mimi nabebaka tangu niko kijana. Uliza ku mulima kama walishaniona chini!"

"Basi uligonga."

"Sikugonga kintu!"

Hakuwa anadanganya, na hapo ndipo tulipokwama. Nikaanza kusema habari za mtetemo, maneno marefu. Verdiane akaniacha katikati ya sentensi. Alijaza gunia la maharagwe, akamtwika Byamungu, akamwambia apande kama kawaida. Yeye akamfuata nyuma, mimi nikamfuata yeye, pumzi yangu ikatufuata sote.

Katika kona ya kwanza ya kupumzikia, Byamungu hakutua mzigo. Hakuna mbebaji anayetua. Kutua ni rahisi, kujitwika tena ndiyo adhabu. Aligeuka tu, akaupa ukingo wa njia mgongo, akajiachilia nyuma. Gunia likakaa juu ya jiwe lililojitokeza, puu, na uzito wake wote juu yake. Akapangusa jasho na kututabasamia.

"Hiyo," Verdiane akasema.

"Hiyo nini? Napumuzika."

Verdiane akacheka kwa hasira. Yeye mwenyewe alibeba kuni njia hiyo hiyo utoto wake wote, akajiegemeza kwenye kingo zile zile. Sisi sote tunafanya hivyo. Tulikuwa tumefikiria kila namna ya kuanguka, na hii haikuingia kichwani mwa mtu yeyote, maana kwetu si kuanguka. Ni kupumzika. Jiwe linasukuma uso wa kava katikati, pale pale ambapo ganda ni bapa na halina pembe ya kusaidia.

Akashuka mbio. Kufika kibandani alichukua ngata, ile pete ya majani ya migomba ambayo wanawake huweka kichwani chini ya mtungi, akaiweka juu ya uso wa kava, akaikandamiza kwa goti. Pete ikabeba goti, katikati hapakuguswa. Majani yangeoza kwa mvua ya Masisi, basi akashona pete ya mpira wa ndani, nene, akaijaza vipande vya kambambili, akaifunga upande unaotazama ukingo. Chini yake ganda akalikunja kidogo kama mgongo wa kobe.

Kioo cha pili kilipanda na kushuka kizima. Esdras alikigeuza, akakigonga kwa ukucha, akakitazama kwenye jua, akaenda kufungua kabati.

Alipanda mwenyewe na Byamungu, na sisi nyuma. Nyumbani kwa Jeannette alifungua kamba polepole. Verdiane akauliza tu, "Inawaka?"

Iliwaka. Esdras akapitisha kile kichwa tumboni, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Mutoto amelala bwanga-bwanga, amekingama kama daraja. Hapa hawezi kuzaliwa. Mumushushe leo, hospitali, kabla uchungu haujaanza."

Familia haikusitasita tena. Kipoyi, machela ya miti, kikafungwa, vijana wakaingia mabegani, Jeannette akashuka. Alipasuliwa hospitalini Masisi. Mtoto ni msichana, anaitwa Adelaïde, analia kama king'ora.

Siku hizi ekografi inapanda milima kila wiki. Jeannette alipopona alipita kibandani na mtoto mgongoni, akamkuta Verdiane anabadilisha mpira uliochakaa. Akalishika lile kava: manjano, jeusi, limevimba mbele, bado lina maandishi ya mafuta ya kupikia.

"Njo hii ilipanda kwangu?"

"Njo hiyo."

"Dada, iko mubaya!"

"Iko mubaya kabisa," Verdiane akasema, akakata uzi kwa meno. "Unishikie hapa."