Ukaguzi Haupitwi

Jamani, mshawahi kuona kompyuta ikakaa asubuhi nzima bila kufanya kitu, na wala haijaharibika? Mimi nimeiona. Nusura initoe kazini.

Ofisini tunatengeneza programu. Kuna mtambo unaoziunganisha wenyewe: kila kazi ina zamu yake, haianzi mpaka ya mbele yake iishe. Tuliuunda sisi wenyewe, basi kugoma haujui. Unajua kusubiri tu.

Sasa, kulikuwa na mwenzetu tukimwita Mzee wa Subiri. Kila akigusa mtambo, anazifunga kazi za wenzake zisubiri ya kwake, eti "ukaguzi mkuu". Ukimuuliza anakagua nini, anakutazama kama umemtukania mama.

Siku wateja wanakuja kuona programu, mtambo kimya. Kumbe jana yake jamaa kapanga zamu upya: ukaguzi wake usubiri kazi yangu. Na kazi yangu tangu zamani inasubiri ukaguzi wake. Yaani watu wawili mlangoni, pita wewe, hapana, pita wewe.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Bosi akaniinamia sikioni.

"Hawa wakiondoka bila kuona kitu, ondoka nao."

Nikambembeleza Mzee wa Subiri afungue fundo lake. Akakunja nne.

"Ukaguzi haupitwi. Ondoa kazi yako, mdogo wangu."

Kazi yangu ndiyo waliyoifuata wateja! Nilichemka, basi tu.

Nikaufungua huo ukaguzi mwenyewe nilitafute fundo. Ndani mlikuwa na amri mbili. Ya kwanza: tulia kidogo. Ya pili: andika "Ukaguzi umekamilika".

Basi. Hakuna kingine. Ofisi nzima tulikuwa tunasubiri mtu aliyelala.

Nikaufuta wote. Programu ikatoka wateja hawajamaliza hata maji yao, na wakaipenda.

Jioni bosi akatukusanya. Akasema mtambo haujawahi kukimbia vile, akampongeza Mzee wa Subiri kwa kuufupisha ukaguzi. Jamaa akasimama, mkono kifuani, akashukuru.

Mkataba nikapata. Umeandikwa kila kazi yangu ipite kwanza kwa msimamizi mpya wa mtambo. Mnamjua.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. La kwetu hata halikuvuma. Lilikaa mlangoni, tukalipangia foleni.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujapanga foleni, chungulia dirishani kama kuna mtu. Mimi nilichungulia, na bado nasubiri.