Aliyeniitikia Ndani ya Pikapu ya Skrepa

Niliishia darasa la nne, na ufundi wa kutunga mambo sina. Ninachokueleza kilinipata mimi, nikiwa na akili timamu na spana mkononi, hapa hapa Toronto. Usiponiamini, shauri yako.

Miaka hiyo nilikuwa nazoa theluji kwenye maegesho ya maghorofa ya Flemingdon Park, kwa pikapu yangu mwenyewe yenye bamba la chuma mbele. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha nyumbani. Desemba moja giaboksi ikafa. Msimamizi wa majengo, Mjamaika asiyezunguka maneno, akaniambia theluji inakuja kesho usiku, na asubuhi asipokuta maegesho yamesafishwa, kazi anampa mwingine. Bei ya giaboksi mpya nisingeiweza. Nikaenda uwanja wa skrepa, makaburi ya magari mabovu, kule wanakokuacha ufungue kifaa mwenyewe, na kikishatoka getini hakirudishwi.

Jioni ilikuwa changa, lakini majira hayo giza halingoji mtu. Nikaipata pikapu moja: kampuni ile ile, mwaka ule ule, injini ile ile, na ubavuni kibandiko kinasema ni fowili, yaani inavuta kwa magurudumu yote manne kama yangu. Theluji imeizika hadi tumboni. Nilifurahi. Unajua giaboksi ya fowili na ile ya gari la kuvuta nyuma tu hufanana kama pacha? Mkiani ndiko zinakotofautiana, na ukikosea huna gari. Lakini kibandiko si hicho kinanitazama? Nichimbe theluji ya nini?

Sasa, mimi kabla ya kufungua bolti ya gari la skrepa, hupiga hodi. Ndivyo alivyonifunza fundi wangu kule Mwanza: huenda mwenyewe alifia mle, na wewe unakwenda kumpekua. Nikagonga mlango, nikasema hodi.

"Karibu, muzee."

Niamini, miguu ilitaka kukimbia, ikakuta mwenyewe sijaamua. Nikachungulia. Mwanamume wa makamo ameketi nyuma ya usukani, kavaa shati la mikono mifupi kwenye baridi ile ya kukata masikio. Kiswahili chake ni cha Kongo, upande wa Bukavu. Nikajikaza, nikamwambia nimefuata giaboksi, na kama ameiwahi aseme. Akasema yeye hana kazi nayo tena.

"Lakini hii haiko fowili," akasema. "Ile sanduku ya nyuma ya kubebea mizigo, na kibandiko yake, nilitoa ku gari ingine. Ya kwangu ilikuwa imeoza."

Nikambishia. Nikamwambia nimeanza kufungua magari yeye bado ananyonya, na kibandiko najua kukisoma. Akacheka, akaniuliza tangu lini kibandiko kinavuta gari.

"Chimba, muzee. Ona na macho yako."

Nikachimba, huku nikimtukana kimoyomoyo. Nikalala kifudifudi, nikamulika tochi. Shafti ya kwenda magurudumu ya mbele haikuwepo, wala mahali pa kuifunga. Ningeibeba ile, kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Nikainuka nimenywea. Hakunicheka tena. Akanielekeza kwenye pikapu nyekundu kando ya uzio, iliyopondwa pua, ambayo watu huipita bila kuitazama. Hata hiyo, akasema, nianze chini. Kisha akanipa mkono kupitia dirishani.

"Wote wanakuja kuvunja kioo," akasema. "Wewe uliuliza."

Kiganja chake kilikuwa na moto, kama mtu aliyetoka kushika kikombe cha chai.

Ile nyekundu nikaanza nayo chini. Shafti ya mbele ipo, na namba iliyogongwa kwenye giaboksi ni sawasawa na yangu. Nikafungua, vijana wa uwanja wakanipakilia. Kabla ya kuondoka nikarudi kumshukuru. Nikamulika ndani. Hakuna kiti. Kiti kilishang'olewa, usukani pia, na theluji imelala sakafuni laini, haina alama hata ya paka. Sasa yule nilimwona ameketi juu ya nini?

Sikukimbia. Niliondoka kwa mwendo wa mtu mzima, ila sikugeuka nyuma.

Giaboksi ilikaa kana kwamba ilizaliwa na gari langu. Asubuhi ya theluji msimamizi alikuta lami nyeusi, akaninunulia kahawa, na kazi ile niliifanya hadi nilipoiacha kwa hiari yangu.

Lakini mkono huu wa kulia, tangu siku ile, hausikii baridi. Glavu yake siivai, hata chuma kikiwa barafu. Majira ya baridi mke wangu huuchukua akauweka mgongoni mwake. "Mungu amrehemu huyo Mkongo wako," husema, "ila ungempa yote miwili."

Basi wewe unayenunua kifaa kilichotumika, kibandiko ni gundi tu. Ingia chini ya gari. Na piga hodi. Ukiitikiwa, sikiliza, shukuru palepale, uende zako. Mimi nilirudi kuchungulia, na mpaka leo sipiti kando ya gari tupu jioni bila kutazama kama lina kiti. Wewe usirudi.