Walivyomfunga Bi Biasha Korokoroni

Wewe pia ulicheka?

Nauliza kwa sababu waliocheka ni wengi, na baadhi yao nawajua kwa majina. Ile picha ilipita simu hadi simu kutoka Ukunda mpaka Lungalunga, ikapanda Kinango, ikafika Samburu kwa madereva wa malori, na kila aliyeipokea aliisukuma mbele pamoja na vile vikatuni vinavyocheka hadi kutoa machozi. Kama ilikufikia, uliona mistari michache iliyoandikwa na mwanamke wa Msambweni, na pembeni uso wake mdogo uliofungwa leso. Hukumwona Bi Biasha. Basi keti nikuambie ni nani.

Bi Biasha anabangua korosho. Ameifanya kazi hiyo tangu alipokuwa msichana, nyuma ya nyumba yake, kwa karai la bati lililotobolewa matundu. Korosho ikipata moto, ganda lake hutoa mafuta yanayounguza ngozi, na yeye hakuwahi kuwa na glavu. Ncha za vidole vyake ni nyeusi na ngumu, kiasi kwamba kioo cha simu hakizitambui. Akitaka kuandika, hukunja kidole cha mwisho na kugonga kwa kifundo, herufi moja moja, midomo ikitamka kila anachogonga.

Kazi yake ya pili haina malipo. Yeye ni mtani wetu. Huku kwetu ukoo una ukoo wake wa utani, na ukifiwa, mtani wako haji kukupa pole. Anakuja kukutukana. Anamtukana marehemu, anadai vitu ambavyo hakumwazima, anabeba kuku, kiatu, sufuria, chochote kilicho karibu, na mwenye msiba hana ruhusa ya kukasirika wala kumnyima. Siku ya tatu yeye ndiye anayewatimua watu mikekani, na hapo ndipo matanga yanaanuliwa.

Babu yangu alipofariki nilikuwa mtoto wa shule. Mama alikuwa hajala wala kusema neno tangu maziko. Bi Biasha aliingia amevaa koti la babu, viatu vya babu amevigeuza kushoto kulia, anakohoa kikohozi chake kilekile, anauliza ni mwizi gani aliyemfichia tumbaku. Mama alicheka. Kisha akalia, kisha akaomba uji. Nimesoma chuo, nimefundishwa juu ya ushauri nasaha na hatua za huzuni, na sijaona mahali pengine mtu akirudishwa duniani kwa haraka namna ile.

Magoti yalipoanza kumsumbua, hakuweza tena kwenda kila msiba. Binti yake aliyeolewa Bodo akamnunulia simu, sisi tukamtia katika kundi la ukoo la WhatsApp, na tangu hapo kila tanzia ilifuatwa na sauti yake. Ndugu zetu walioko Nairobi na Doha walikuwa wakizisubiri sauti hizo. Walisema ndizo zilizowafanya waamini kwamba na wao wamehudhuria.

Sasa Alhamisi ile alfajiri akafariki baba yetu mdogo Mwero, fundi baiskeli, jirani wa Bi Biasha kwa miaka yote niliyoishi. Mimi ndiye niliyempelekea habari. Alikaa chini palepale penye majivu ya maganda, akajaza leso mdomoni, akalia bila sauti mpaka mabega yakachoka. Baadaye alijifuta, akasema, "Nipe simu yangu. Nina kazi."

Swabir, mtoto mkubwa wa marehemu, anafanya kazi ya gereji Mackinnon Road. Tanzia ya babake hakuiweka katika kundi la ukoo peke yake. Aliiweka pia kwenye ukurasa wake, penye macho ya kila mtu. Kwa Bi Biasha tanzia ni tanzia. Akaiandikia hapohapo, kwa kifundo:

"Hatimaye umetutoka Mwero mchoyo mkubwa. Pweza ulikuwa ukila mlango umefunga. Nani alikupa ruhusa ya kufa na sahani yangu unayo? Hafsa usilie, tutakutafutia mume mwenye meno."

Jioni yake picha ya maneno hayo ilikuwa Korokoroni.

Korokoroni ni kundi la mtandaoni la watu wa Kwale. Linawakamata wenye tabia mbaya za mtandao, linawafungulia mashtaka na kuwahukumu kwa mzaha. Sitasema kwamba halikuwa na kazi njema. Liliwafunga matapeli wanaouza viwanja vya Diani kwa picha za kuiba. Lilimfunga bwana mmoja aliyemwandikia binti wa watu "mambo mrembo" kila asubuhi kwa mwaka mzima bila kujibiwa. Lilimfunga kijana aliyejipiga picha akitabasamu mbele ya matatu iliyopinduka huku majeruhi wakiwa bado ndani. Hao walistahili.

Msimamizi wake anaitwa Rai. Tulisoma pamoja. Si mtu wa kuja, ni mtoto wa Ukunda, na nyanyake amezikwa Kinondo. Juu ya ile picha Rai aliandika: "Mshtakiwa: Mama Sahani. Kosa: kumdai maiti vyombo. Hukumu: anyang'anywe vidole."

Anyang'anywe vidole, yeye.

Chini ya hukumu watu wakaanza kumiminika. Wa mwanzo walicheka tu. Kisha mmoja akauliza mama huyu alijuaje mapema hivyo. Mwingine akasema mwenye furaha ya namna hii msibani si bure, ndiye aliyemla kwa uchawi. Wa tatu, ambaye hata jina lake la kweli halikuwepo, akaandika, "Wanaojua kwake mpelekeeni moto." Vikatuni vya kucheka vilijaa chini ya neno hilo pia.

Kama hukuzaliwa huku huenda hujui uzito wa kumwita mzee mchawi. Huku wazee wamekufa kwa neno hilo. Wameuawa na wajukuu wao, na majirani waliokula nao futari.

Ijumaa nilimkuta Swabir matangani, amesimama kando na wanaume wengine, simu mkononi, uso umemvimba.

"Yule bibi asije hapa," alisema. "Wenzangu wa gereji wananiuliza ni nani anayemtukana babangu."

"Si uwaambie ni mtani wetu?"

"Niwaambie nini? Kwamba kwetu tunalipokea tusi siku ya kifo? Wacha, Tsuma. Nimeaibika vya kutosha."

Alikuwa anajua. Hilo ndilo lililonichoma kuliko ujinga wa wageni. Alikuwa anajua vizuri sana mtani ni nani, ila aliposhikwa na macho ya watu asiowajua, desturi ya babake ikamgeukia kinyaa.

Jumamosi asubuhi Bi Biasha alifungua mlango akakuta kiberiti kipya kimewekwa juu ya kizingiti. Hakuna barua wala alama yoyote. Kiberiti tu, kimejaa njiti.

Nilipanda pikipiki nikaenda Ukunda. Rai ana kibanda cha kutengeneza simu na kuchapisha fulana, nyuma ya soko. Nilimkuta anakula mahamri.

"Keti kwanza," alisema. "Unahema kama umefukuzwa na nyuki."

"Ifute ile picha."

"Ipi?"

"Unaijua."

Akapangusa vidole, akacheka. "Aa, Mama Sahani. Buda, hiyo imeshika. Hatujawahi kupata watu wengi vile. Ona hata hii." Akanyanyua fulana nyeupe, bado ina joto la mashine. Imeandikwa kifuani: NIRUDISHIE SAHANI.

Niliikunja ile fulana nikaiweka mezani kwanza, kwa sababu ningefungua mdomo saa ile ningesema maneno ya kunifikisha kituo cha polisi.

"Rai, yule ni mtani."

"Mtani vipi?"

"Mtani. Wa ukoo. Nyanyako alipozikwa Kinondo, hukumwona mtu aliyevaa nguo zake?"

Alifikiri. Aliweka mkono shingoni, akafikiri kweli. "Mimi nilibaki kwenye gari," alisema. "Kulikuwa na jua kali."

Nikamwonyesha neno la moto. Nikamwambia habari ya kiberiti. Uso ulimbadilika kidogo, lakini ulimi haukubadilika.

"Hilo sikuandika mimi."

"Uliwatandikia wewe mkeka wa kuliandikia."

"Watu wanatania tu, Tsuma."

"Mmemfunga mtani kwa kutania, na wenye kuchochea moto ndio unaniambia wanatania?"

"Ukinipigia kelele hapa wateja watakimbia." Aliinua simu ya mtu akaanza kuifungua skrubu, ili asinitazame. "Nikiifuta leo watasema nimetishwa. Acha ipoe. Jumatatu nitaona."

"Kesho asubuhi tunaanua matanga Msambweni. Njoo. Safari hii ushuke kwenye gari."

Nilirudi nikiwa nimekasirika hata nikapitiliza njia ya kwetu. Baada ya magharibi nikaenda kwa Bi Biasha. Alikuwa ameketi mlangoni, anatenga korosho nzima na zilizovunjika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja kunitorosha? Sina nguo za kutoroka nazo."

"Nimezungumza na binti yako. Anasema uende Bodo usiku huu, ukae mpaka watu wasahau."

"Watu gani? Wale wa ndani ya simu au hawa wa hapa?"

Siku hiyo, aliniambia, watoto wa jirani waliokuja kila siku kuomba korosho zilizovunjika walipita upande wa pili wa njia. Mama yao aliwashika mikono.

"Nikikimbia, nimekubali," alisema. "Mchawi ndiye anayekimbia. Na nisipokwenda kesho, watasema sikuweza kumkabili maiti wangu. Kwa hivyo nitakwenda. Swabir akinizuia, na azuie mbele za watu." Alikitoa kile kiberiti chini ya mkeka, akakitikisa sikioni. "Kizuri hiki. Hakijalowa. Kesho kutwa nitawashia karai."

Lakini alipokirudisha chini ya mkeka alikisukuma mbali kabisa na mlango.

Jumapili nilimsindikiza. Dua ilikuwa imekwisha kusomwa, chai imenywewa, watu wamekaa kimya juu ya mikeka uani wakisubiri kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukitaja. Swabir alisimama penye mlango wa ua. Nyuma yake kulikuwa na vijana kadhaa, simu zao zimekwisha kunyanyuliwa. Rai alikuwa miongoni mwao. Alikuja kweli, na simu yake pia ilikuwa juu.

Bi Biasha alisimama mbele ya Swabir. Hakuvaa nguo ya marehemu wala kukohoa kikohozi chake. Alitazama zile simu, akatazama ardhi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akisema, "Nimekuja kuwapa pole, mwanangu."

Wanawake waliokaa karibu waliinamisha vichwa. Mtani kutoa pole ni kama mwosha kukataa maji. Hata Swabir alishtuka. Nadhani alikuwa amejiandaa kuzuia matusi, na sasa hakujua azuie nini.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Bi Hafsa, mjane, yumo ndani ya eda yake, hawezi kutoka mbele za wanaume.

"Nani huyo anayenipa pole?" aliuliza. "Mtani wangu hanipi pole. Mtani wangu aliniahidi mume mwenye meno. Yuko wapi? Au amekuja na mwingine kibogoyo?"

Kisha mkono wa Bi Hafsa ukapita katikati ya nondo za dirisha, umeshika sahani ya bati, ya zamani, yenye maua mekundu yaliyobanduka ukingoni.

"Na sahani yako hii. Ilikuwa kwetu kweli. Chukua usitusumbue."

Bi Biasha alimpita Swabir kana kwamba ni kigingi. Aliipokea, akaigeuza, akaichungulia upande wa pili akiielekeza kwenye jua.

"Hafsa," alisema, na sauti ilikuwa imerudi, "yangu haikuwa na tundu. Mume wako amekufa, bado ananiibia."

Mwanamke mmoja alicheka kwa pua. Halafu mwingine, kisha ua zima, na dirishani nilimsikia Bi Hafsa akicheka huku analia. Bi Biasha akaanza kuzunguka akiupiga mgongo wa sahani kwa kifundo cha kidole, akiwaamuru watu wainuke, wavivu wakubwa, chai ya Mwero imekwisha, waende makwao. Akamrudia Swabir, akaingiza mkono katika mfuko wa shati lake, akatoa simu na kuitia sahanini. Swabir hakumzuia. Aliinama akaanza kukunja mkeka uliokuwa miguuni pake, na alikunja kwa muda mrefu zaidi ya ule mkeka ulivyohitaji.

Bi Biasha akawafuata wale vijana, sahani mbele. Mtani hanyimwi, na mama zao walikuwa wanatazama. Simu zilishuka moja moja zikaingia sahanini. Alipofika kwa Rai, bila kumjua ni nani, aliinyoosha sahani akasubiri. Rai alinitazama. Sikumsaidia. Akaiweka simu yake juu ya zile nyingine, bado inarekodi.

Bi Biasha akaifunika sahani kwa upande wa leso, akatoka uani bila kugeuka. Simu ya Rai ililia humo ndani, ikanyamaza, ikalia tena, mpaka Bi Biasha akapotelea nyuma ya mikorosho.