Kompyuta ya Tranka

Mwezi uliopita tulikaa kikao shuleni, shule hiyo hiyo ya msingi hapa Mpanda niliyosoma utotoni na ambayo sasa nafundisha. Ajenda ilikuwa kununua kompyuta mbili za mezani kwa ajili ya ofisi. Tuchukue za kampuni, zenye jina lake, au tumpe fundi atuungie kwa vifaa vya hapa na pale? Mimi nilikuwa upande wa kuunga na sababu zangu nilikuwa nazo mdomoni, ndipo mwalimu wa darasa la tatu, ambaye ni mwenyeji kuliko sisi wote, akaangua kicheko.

"Za kuunga hapana, jamani. Nyie hamumkumbuki yule mama wa stesheni? Alipewa kompyuta za shule atengeneze, akachomoa vya ndani akaungia ya kwake."

Watu wakatikisa vichwa. Mimi nikainamia daftari, nikaandika tarehe ambayo nilikwisha kuiandika. Yule mama wa stesheni ni shangazi yangu, na hakuchomoa kitu.

Ngoja nikusimulie vizuri. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa mpunga kule Mpimbwe, wakanileta mjini nisome nikikaa kwa shangazi. Alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na stesheni ya treni. Hadi leo nikisikia harufu ya karatasi iliyotoka kwenye mashine ikiwa bado ya moto, namwona amekaa pale na kanga yake begani, anachapa bila kutazama vidole. Mchana tulikula wali na dagaa wa kukaanga juu ya meza ile ile, tukisogeza kibodi pembeni. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufagia, kumwaga maji mlangoni, kisha kuchukua pampu ya baiskeli na kupuliza vumbi ndani ya kompyuta. Vumbi la Mpanda la mwezi wa nane unalijua, linaingia hata kwenye yai.

Kompyuta yenyewe aliiunga kwa mikono yake, kifaa kimoja kimoja, vingine vikiletwa kwa treni kutoka Tabora vimeviringishwa kwenye kitenge. Kasha la kuvifungia ndilo lililomshinda kupata. Basi akaenda kwa mafundi bati, wale wanaotengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni, akatengenezewa moja la kusimama wima, likatobolewa matundu kwa msumari ili lipumue, likapakwa rangi ya kijani. Hata komeo la kufuli liliachwa pale pale.

Umeme wa mji enzi hizo ulikuwa wa jenereta, unapanda na kushuka unavyotaka. Kompyuta za ofisini zenye majina makubwa zilikuwa zinaungua, kisha zinakaa miezi zikisubiri kifaa kutoka Dar, maana hazikubali cha kuazima kutoka kompyuta nyingine. Ya shangazi ikizima, anafungua tranka, anabadilisha kilichokufa, na kabla ya chakula cha mchana inachapa. Ndiyo maana ofisi za mjini, hata shule yetu, zilimwita atengeneze za kwao. Alipenda kusema, "Nilichokiunga mwenyewe, kikifa najua kimefia wapi."

Na mimi, mjinga mimi, niliionea aibu. Shuleni waliniita mtoto wa tranka. "Shangazi yako anachapia kwenye sanduku la nguo!" Mteja mgeni akiuliza ni kompyuta ya kampuni gani, shangazi alijibu, "Ya kwangu," akacheka, na mimi nilitamani kuingia chini ya meza.

Nilipokuwa darasa la saba, zamu yangu ilikuwa kufagia ofisi ya mwalimu mkuu. Kompyuta yake ilikuwa na nembo ndogo mbele, inang'aa kama kifungo cha koti. Siku moja niliibandua kwa rula, nikaificha ndani ya soksi. Jioni ile nikaibandika kwenye tranka kwa gundi ya viatu.

Shangazi aliiona mara moja. "Umeitoa wapi?"

"Nimeiokota jalalani."

Aliniamini. Alipiga hatua moja nyuma, akaitazama, akasema, "Haya, leo na sisi tumekuwa kampuni." Nilifurahi siku nne nzima.

Siku ya tano mwalimu mkuu alileta mtihani wa majaribio uchapwe. Alisimama mbele ya lile tranka, akainama, akaigusa nembo kwenye kona yake iliyochubuka.

"Hii naitafuta wiki nzima," alisema. "Fundi, si wewe uliyefungua kompyuta zangu juzi? Kama nje umebandua, ndani umechomoa nini?" Kisha akanigeukia. "Wewe, nani kaibandika hapa?"

Nikasema, "Ni shangazi."

Shangazi alinitazama, na nikaona kwamba ameelewa yote. Ilikuwa imebaki miezi miwili nifanye mtihani wa mwisho. Akachukua bisibisi, akaibandua ile nembo taratibu, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili. "Ni mimi, mwalimu. Unisamehe."

Fundi wa kompyuta anaishi kwa kuaminiwa, kwa sababu mteja haoni ndani. Shule ikaacha kumwita, na ofisi nyingine zikafuata. Waliowahi kutengenezewa walirudi na mafundi wengine wakitaka kompyuta zao zifunguliwe zikaguliwe mbele yake. Kabla mwaka haujaisha alifunga kibanda, akapakia tranka kwenye lori, akahamia Ikola kuuza dagaa. Mimi nilifaulu. Hakunichapa wala hakulitaja jambo lile hata mara moja, na miaka yote ya sekondari alinitumia dagaa waliokaushwa vizuri. Kila nilipofungua kile kifurushi, niliwagawia wenzangu, mimi sikula.

Jumamosi baada ya kile kikao nikaenda Ikola. Nilimkuta anageuza dagaa juani, amezeeka. Chumbani lile tranka la kijani lina nguo zake, na mbele bado lina alama ya gundi. Nikamwambia yote nikilia.

"Mimi nilikuwepo, mwanangu," alisema. "Kawaambie wasiokuwepo."

Mwalimu mkuu tulishamzika. Waliobaki ni hao wa kikaoni, basi kikao kilichofuata nilisimama, nikasema kwamba yule mama ni shangazi yangu, hakuchomoa kitu, mwizi nilikuwa mimi. Haikuchukua hata dakika moja.

"Kumbe!" alisema mwalimu wa darasa la tatu. "Pole, madam."

"Haya, tuendelee," akasema mwenyekiti. "Tulikuwa tumefika kwenye kampuni."

Tukaendelea. Kompyuta za kampuni zimeshakuja, nzuri tu. Pale kilipokuwa kibanda cha shangazi sasa kuna duka la simu, na kijana anayeuza hajui kama palikuwa na fundi. Nikiingia ofisini na kumkuta mwanafunzi wa zamu anafagia, macho yangu yanakwenda kwenye nembo ya kompyuta mpya kuangalia kama bado ipo. Kisha namgeukia mtoto, na ni mimi ninayeshindwa kumtazama usoni.