Jukwaa la Wenye Magari Lilivyonifungia

Mimi na lile jukwaa hatujapatana mpaka leo, na nitasema kwa nini, maana nikinyamaza itanikaa kooni.

Tuna pikapu, aliiacha marehemu mume wangu, sasa anaendesha kijana wangu wa mwisho. Inashusha tangawizi Same, inarudi na saruji na watu. Mke wa kijana alikuwa mjamzito, na mtoto wa kwanza alimpata kwa kupasuliwa, kwa hiyo daktari alishasema huyu asithubutu kuzalia nyumbani. Hapo ndipo pikapu ikaanza kuchemsha. Tambarare inakwenda vizuri tu, ikiona mlima, mvuke, inasimama. Na sisi tunakaa bondeni, huwezi kushuka Same bila kupanda kwanza. Kijana akasema imechoka, tuiuze skrepa. Nikamuuliza mkeo atakwenda na nini, bodaboda kwenye yale mawe?

Binti yangu wa Same mjini ndiye aliyeniwekea hilo jukwaa kwenye simu. Akaniambia mle kuna wenye magari wa nchi nzima, niulize nitajibiwa. Kusoma mimi nilijifunzia kisomo cha watu wazima, naunga herufi polepole, lakini nafika.

Mwenzangu, mle ndani ni gulio. Huku wanaongea matairi, huku wanauza, huku wanagombana gari lipi linakunywa mafuta. Sasa mimi nimelelewa kwamba hupiti mlangoni kwa mtu umenyamaza. Ukienda shamba unasalimia kila nyumba ya njiani, unauliza mgonjwa kaamkaje, ndama kasimama? Basi nikaanzia mwanzo. Wa matairi nikawasalimu, nikawapa pole ya pancha. Aliyegongwa nikamuuliza kama kaumia. Wanaogombana nikawaambia wanangu, punguzeni maneno. Nilisalimia mpaka maharage yakaungua jikoni, na nilifurahi, nisiseme uongo. Nikajiona sasa nafahamika, naweza kutoa shida yangu.

Simu ikakataa. Yamekuja maandishi mekundu, nimefungiwa kwa kuchafua jukwaa. Kuchafua! Mimi, ambaye ua wangu unafagiwa kabla kuku hawajashuka. Nikatafuta pa kumwandikia msimamizi wao, nikampata, nikamuuliza nimemkosea nani.

Akanijibu, "Bibi, hapa hatusalimiani. Unaingia, unauliza, unatoka."

Nikamwandikia, "Hivyo ndivyo anavyoingia mwizi, mjukuu wangu. Mgeni anabisha hodi."

Akanifungulia. Hata pole hakusema.

Nikauliza shida ya pikapu hivyohivyo bila salamu, nikiona aibu kama nimeingia kanisani na jembe. Wakaja. Mmoja akasema nifugie kuku humo. Mwingine akasema hili lilishaulizwa, nitafute. Nikamuuliza lipo wapi, hakunionyesha. Wa tatu akasema huyu si bibi, ni kijana anatuchezea. Nilichemka kuliko hiyo pikapu. Mkwe wangu kakaa hapo mlangoni, miguu imevimba, wao wanacheka.

Ndipo akaandika mwanamke mmoja. Alisema yeye ni dereva wa lori, anabeba mkonge huku chini tambarare.

"Mama, kama inachemsha mlimani tu, angalia feni. Injini ikiwa ya moto, izimeni, mtoe na funguo, kisha mjaribu kuizungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bure kama pangaboi, klachi yake, ile inayoishika izunguke na injini, imekufa."

Kijana alinuna, lakini akafanya. Ikazunguka bure. Akapata klachi nyingine iliyotumika kwa wauza spea wa Same, akafunga.

Uchungu ulimshika mkwe asubuhi, tunakunywa chai. Nilikaa mbele naye, dumu la maji mapajani, macho kwenye mshale wa joto mlima wote. Haukupanda. Hospitali wakampasua tena, akatoka binti, mama mzima, mtoto mzima.

Kwetu mtu akikufaa unarudi kwake, hata na mkungu wa ndizi. Nikarudi jukwaani, nikaandika ahsante ndefu, nikamweleza yule dereva mtoto alivyo, nywele zake, anavyonyonya. Kurudi kuangalia kama kajibu, nikakuta wameifuta. Eti siyo mada ya magari. Na mlango wa swali langu wameshafunga, wameandika tatizo limetatuliwa, mtu asiongeze neno.

Mtoto kafika hospitali kwa sababu ya feni, halafu siyo mada ya magari.

Na yule mwanamke jina lake silijui, mle alijiandika kwa tarakimu tu. Hajui hata kama tulifika. Kwa hiyo sasa tukishuka Same, nikiona lori la mkonge na mwanamke kwenye usukani, namwambia kijana apige honi, nami nanyanyua mtoto dirishani. Wote wananipungia mkono, wanapita.